Usiku wa Mwalimu

Migori,
12 Januari 2025

Mpwa wangu Dorine,

Niwie radhi. Picha zako zilinifikia Oktoba, nami mpaka leo sijakujibu. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli inayostahili kuitwa shughuli. Nilikuwa nikikaa mezani, naandika jina lako, kisha nainuka kwenda kutazama nje kama mtu aliyesikia hodi. Mtu wa umri wangu hapaswi kuishi hivyo.

Kinachonisumbua ni taa. Kaunti imeamua kutuletea mulika mwizi hapa senta. Umeziona zile za mjini: mlingoti mrefu kupita mti wowote, na kileleni taa kubwa zinazomwaga mwanga pande zote mpaka kuku wasijue saa ya kulala. Watu wanashangilia. Mimi nikiufikiria mlingoti huo nauona umesimama upande wangu wa kusini, nawe unajua upande huo una nini. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo si wingu bali ni galaksi jirani, halipandi juu kwetu. Hujiinua kidogo tu juu ya vilima vya mpakani, likakaa hapo kama moshi wa jiko la mbali, kisha likashuka. Taa moja ikiwaka upande huo, basi. Kiwanja cha kuusimamisha mlingoti bado kinatafutwa. Naomba kitafutwe polepole.

Sasa picha zako. Ile ya nyota za Kilimia zikichomoza juu ya ziwa ni safi, na mkono wako haukutikisika. Ya pili umeiharibu. Ziwa lote limejaa taa za wavuvi wa omena, na jicho la mtazamaji linazifuata hizo badala ya kupanda juu. Mpiga picha wa anga huchagua usiku usio na mwezi na mahali pasipo na taa. Hayo nilikufundisha ukiwa darasa la saba. Mbona umeyasahau?

Nisalimie wenzako wa maabara.

Mjomba wako,
Stanley Angwenyi


Homa Bay,
19 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tafadhali usinune kwamba mimi nimejibu kwa wiki moja na wewe kwa miezi mitatu.

Kuhusu taa za omena, nilimpelekea Byron malalamiko yako. Byron ndiye mwenye boti ambaye kwake namnunulia Mama omena za kuuza. Nilimwambia, "Mjomba wangu anataka mzime taa apate nyota." Alicheka akashika mbavu. "Sista, mwambie huyo mzee aje mwenyewe awaombe omena wapande boti gizani."

Usiku usio na mwezi ndio usiku wao pia, Mjomba. Mwezi ukiwa mkubwa omena haifuati taa, na boti zinalala ufuoni. Mimi na wavuvi tunagombea giza lilelile. Nimechoka kugombana, kwa hiyo sasa nawapiga kwa makusudi: taa zao chini, Kilimia juu. Utasema hiyo si picha ya nyota. Sawa, ni picha yangu.

Na hiyo mulika mwizi mbona unailia hivyo? Mama anasema wanawake wa soko wameiomba tangu mwaka juzi. Yeye anafunga meza yake saa mbili kasoro, na njia ya kwenda kwake inapita nyuma ya ua wako, pale penye mikonge, na hapo hata mchana mtu anatembea akigeukageuka. Ni nani anatafuta hicho kiwanja, na ugumu uko wapi? Ardhi si ipo?

Nijibu upesi safari hii. Nimekununulia kitambaa kipya cha kufutia lenzi, nitakituma pamoja na mzigo wa Mama.

Mpwa wako,
Dorine


Migori,
31 Januari 2025

Mpwa wangu Dorine,

Nimeipata! Usiku wa Jumatano, saa tatu na ushei, anga likiwa kama lililooshwa.

Sabato iliyotangulia, Nyarangi, karani wa kanisa, alisoma tangazo kama ilivyo kawaida: wiki hii mwezi haupo, Mwalimu atakuwa na darubini yake, taa za nje zizimwe jioni. Wageni hucheka wakilisikia. Wenyeji wamezoea. Unajua desturi hii ilivyoanza. Mwaka ule nilipomzika mke wangu Bitutu sikuweza kulala ndani ya nyumba. Nilikuwa nakaa uani nikitazama juu, mpaka Machuki wa mashine ya kusaga unga akaona haya kunimulika usoni na taa yake, akaizima. Jirani wa pili naye akazima. Hakuna aliyeagizwa. Ilikuwa heshima, na heshima ikirudiwa huwa desturi, na desturi ikaingia katika matangazo.

Basi Jumatano senta yote ilikuwa giza. Niliifunga kamera juu ya stendi yake, nikaielekeza kusini, nikawa naiacha lenzi wazi sekunde ishirini kila mara. Mbwa walibweka sana upande wa mikonge. Niliwakemea, kwa maana ninapohesabu sekunde sipendi kelele. Kisha wakanyamaza, nami nikaendelea. Picha nimeisafisha mjini na naiweka ndani ya bahasha hii. Tazama lile fundo jekundu pembeni mwa Wingu. Miaka sita nimelifuata.

Sina habari nyingine ila moja isiyo njema. Mama yako aliteleza kwenye ngazi ya mashine ya Machuki akavunjika mkono. Alinipigia kwa simu ya jirani asubuhi ya Alhamisi, na jioni nikaenda kumwona. Amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nilimwonyesha picha kwenye kamera. Akasema, "Ni nzuri, kaka," kisha akaomba alale. Hajawahi kuwa mkimya hivyo, lakini maumivu humbadilisha mtu.

Niambie unavyoiona picha, na usinisifu bure.

Mjomba wako,
Stanley Angwenyi


Homa Bay,
9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Picha imefika. Ni nzuri.

Nina maswali mawili. Mbwa walibweka saa ngapi? Na tangazo la Nyarangi linasikika na washiriki tu, au spika za kanisa ziko nje?

Usinijibu habari za lenzi.

Dorine


Migori,
14 Februari 2025

Dorine,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, maana ni fupi. Kazi ya miaka sita nimeiweka mkononi mwako, nawe unaniuliza habari za mbwa na spika. Spika ziko nje, juu ya mlango, na husikika hadi stendi ya bodaboda. Mbwa walibweka nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kufungua lenzi, saa sikuitazama. Je, umeridhika?

Machuki ananiambia alikuona stendi ya magari Jumapili, tarehe mbili. Nilimkatalia. Nilimwambia Dorine hawezi kufika Migori asipite kwangu. Sasa sina hakika. Ikiwa ulikuja kumwona mama yako ukapita mlangoni pangu bila kuingia, nina haki ya kuuliza nimekukosea nini. Au ni wivu wa picha? Ningekuwa na wivu mimi, ningekuambia.

Kwa kuwa tumeanza kusema wazi, niseme na langu. Nilikuandikia kwamba kiwanja kinatafutwa. Kilikwisha patikana tangu Novemba. Ni pembe ya shamba langu, ile ya kusini, palipo na mikonge. Mhandisi wa kaunti anasema nguzo za umeme ziko karibu, hati yangu haina mgogoro, na mwanga utafika sokoni na kwenye njia. Viwanja vingine viwili vina kesi. Wananihitaji nitie sahihi. Nimekuwa nikiwaambia natafakari.

Nilimwomba mhandisi aweke kofia juu ya taa, mwanga uende chini tu. Akacheka. "Mzee, hii ni mulika mwizi. Inamulika. Haichagui." Nikamwomba basi zizimwe kwa siku chache za kila mwezi. Akaniuliza kama mwizi naye atapumzika siku hizo. Kijana mwenye ulimi mwepesi.

Anarudi Alhamisi ya kwanza ya Machi. Nikikataa, mlingoti unapelekwa senta nyingine. Naelekea kukataa. Nimefundisha watoto wa watu hawa miaka thelathini na tano, nimewatungia barua za kazi, nimewazikia wazazi wao. Kitu kimoja tu nimekipokea kutoka kwao, nacho ni giza. Je, ni kikubwa mno?

Silali vizuri. Natembea uani, narudi ndani, natoka tena.

Mjomba wako,
Stanley Angwenyi


Homa Bay,
19 Februari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niliapa kwa Mama kwamba sitakuambia. Leo navunja kiapo, na yeye nimemwambia kwa simu kwamba nakivunja. Alikata simu.

Hakuteleza popote. Usiku ule wa Jumatano alifunga meza akiwa amechelewa, maana mteja wa Isebania alitaka magunia. Akapita njia ya nyuma ya ua wako. Wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye mikonge. Walichukua mkoba na simu, na alipong'ang'ania mkoba walimvunja mkono kwa rungu. Mbwa wako walibweka. Akasikia sauti yako ukisema, "Nyamaza, wewe!" Akadhani unawaambia wao wamwache. Kisha ukanyamaza na wewe.

Hakupiga kelele. Nilimuuliza kwa nini, na wewe ulikuwa umbali wa kurusha jiwe. Alisema mmoja alimziba mdomo na kumwambia, "Tulia mama. Leo ni usiku wa Mwalimu, hakuna taa na hakuna mtu."

Nimeandika maneno yao kama alivyoniambia. Wanajua, Mjomba. Wanasikia tangazo kama kila mtu. Nyatichi wa mboga aliibiwa Novemba, fundi wa viatu Desemba, na nimemuuliza Mama siku zenyewe zilikuwa zipi. Ni wiki zako. Si Mama peke yake anayejua. Wanawake wote wa soko wanajua. Wanazima taa, kisha wanatembea wawili wawili.

Nilikuja tarehe moja, nikamrudisha hospitali kupiga picha ya mfupa, tukaandikisha polisi, nikaondoka kesho yake. Nilipita mlangoni pako. Nilikuona uani unafuta darubini. Sikuweza kuingia, kwa sababu ningesema, na Mama alikuwa amenishika mkono kwa mkono wake mzima akisema, "Usimwambie. Bitutu alipokufa nyota ndizo zilimweka hai kaka yangu. Wewe hukumwona alivyokuwa. Mimi nilimwona."

Sikuambii utoe pembe. Hata mimi napenda giza, wewe ndiye uliyenifundisha kulipenda. Lakini uliandika kwamba umepokea kitu kimoja tu kutoka kwao. Nilitaka ujue nani amekilipia.

Usinichukie.

Mpwa wako,
Dorine


Migori,
2 Machi 2025

Mpwa wangu Dorine,

Sikuchukii. Ungeniandikia tarehe moja Februari, hilo tu ndilo ninalokulaumu, na hata hilo nimeliondoa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale ofisi ya vifurushi, na kijana wa kaunta akaniuliza kama nataka kiti. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yako. Alikuwa anapepeta omena kwa mkono mmoja. Aliponiona uso akajua. "Kumbe amesema," akasema. "Mtoto huyu!"

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yote yalinitoka kichwani. Nilimwambia nitatia sahihi siku hiyohiyo, pembe waichukue, na mikonge nitaing'oa kwa mikono yangu. Nilitazamia atalia, au ataniambia asante. Badala yake aliweka ungo chini.

"Kaka, ukitoa kwa ajili ya mkono wangu, mimi sitaki. Mkono utapona, taa itabaki, na kila ukiiona utaniona mimi Nyaboke. Sitaki kuwa mlingoti."

Nikamwambia basi uamuzi uwe wake. Si kwa mdomo tu. Tulikwenda kwa naibu wa chifu, nikasema mbele yake kwamba neno la pembe ile ni la dada yangu, atakalolisema nitalitilia sahihi, liwe ndiyo au hapana. Naibu alimtazama mama yako, akanitazama mimi, akasema hajapata kuona jambo kama hilo. Mama yako akamwambia, "Andika tu, wewe."

Tulipotoka nje akaniambia: "Kabla sijasema lolote, nataka kukiona hicho ninachoombwa kukizima. Miaka yote hii tunazima taa, nami nikiwemo. Hakuna aliyewahi kutuonyesha tunazizimia nini."

Dorine, ni kweli. Wewe nilikufundisha kwa sababu uliuliza. Wao hawakuuliza, nami sikuwaita. Wamekaa gizani kwa ajili yangu bila hata mmoja kuweka jicho kwenye darubini.

Alikuja Alhamisi jioni, Nyatichi akimsindikiza, na Nyatichi akarudi. Mwezi haukuwepo. Zuhura ilikuwa inawaka magharibi, akadhani ni ndege. Nilimwekea kiti, nikaelekeza darubini kusini, nikamwambia afumbe jicho moja. Hakuweza kulifumba bila jingine kufuata, ikambidi alizibe kwa mkono mzima. Kwa muda mrefu hakuona kitu, akaanza kuninung'unikia kwamba nimemtoa jikoni bure. Kisha akainama zaidi.

"Ni unga," akasema. "Unga uliomwagika."

Nikamwambia kila chembe ya unga huo ni jua kama letu. Aliondoa uso, akanitazama kuona kama natania, akarudi tena kutazama. Aliuliza kama Bitutu aliwahi kuiona. Nikasema hapana. Wakati wa Bitutu nilikuwa natazama vitabu tu. Alitaka kuona na Mshtarii, nikamwonyesha, akahesabu miezi midogo inayoizunguka kwa sauti kama anayehesabu mayai. Ningependa kukuambia kwamba hakufurahi, mambo yangekuwa rahisi. Alifurahi. Alicheka peke yake.

Wakati wa kwenda ulipofika nilichukua tochi na bakora nikamsindikiza kwa njia yake ya nyuma ya ua. Tulikuwa tunazungumza vizuri. Tulipokaribia mikonge alishika koti langu. Nikadhani amejikwaa. Niliangaza mbele, hapakuwa na mtu, nikamwambia, "Twende, Nyaboke, hakuna kitu." Alisema, "Najua," na mguu haukwenda. Mkono wake haukuliachia koti langu. Mimi niliyekuwa namwona kila wiki sikujua kwamba anaishi na kitu hicho. Tulirudi nyuma, tukazunguka kwa barabara ya lami, mwendo mrefu, magari yakitumulika. Mlangoni pake akasema, "Usiniulize kesho. Wala kesho kutwa. Nitakuambia mwenyewe."

Jana kanisani nilimnyang'anya Nyarangi kipaza sauti. Nilisema taa zote ziwashwe, wiki hii na kila wiki, mwezi uwepo au usiwepo, na nikasema kwa nini. Spika za nje zilikuwa zimewashwa, nilihakikisha. Hakuna aliyecheka. Wanawake wa nyuma walitazamana. Usiku nilitoka uani, na senta yote inawaka, mpaka choo cha Machuki. Sikuona hata nusu ya ninachokijua. Nilisimama hapo kwa muda, nikarudi ndani, nikatoka tena. Hali hiyo haijaniacha.

Lakini balbu za maduka hazifiki kwenye mikonge. Hilo nalijua, naye analijua, na mhandisi anarudi Alhamisi. Nikipita mezani pake sokoni ananiuzia omena na kuniuliza kama nimekula. Hataji pembe. Asubuhi ya leo nimemkuta amesimama pale penye mikonge, kweupe, peke yake, akitazama juu kama anayepima urefu wa kitu. Sikumwita. Nilirudi kwa njia niliyojia.

Mimi la kwangu nimekwisha kuliamua: nitatia sahihi chini ya neno lake, lolote litakalokuwa, na sitamshawishi kwa ulimi wala kwa uso. Nakuomba nawe usimpigie simu kumhimiza. Mwache.

Atakaponiambia, nitaketi kukuandikia kabla sijatia kitu kinywani.

Mjomba wako,
Stanley Angwenyi